Muulize Senga: Usikope, hebu kwanza tuone ukuta

Haya, mwezi huu maswali yamekuja mengi mpaka simu imejaa, na wengine mnatuma kwa sauti, mtu anaongea dakika saba jogoo anawika nyuma na mtoto analia, banange, andikeni tu hata kama Kiswahili chenu ni cha barakisi kama changu, mimi nimezaliwa kambini Jinja sitamcheka mtu. Nimechagua saba. Karibu wote mnauliza kitu kilekile kwa maneno tofauti, Senga ninunue nini, na mnajua kabisa mimi shangazi yenu ni mbahili.

*Senga habari yako. Nina studio ndogo ya picha hapa Busia karibu na mpaka, napiga za pasipoti na za watu wakitoka kanisani Jumapili. Wateja wanalalamika, wale weusi kama mimi wanatoka kama mkaa, macho hayaonekani, nikiongeza mwanga wanatoka majivu. Rafiki yangu wa upande wa Kenya anasema kamera yangu ni ya zamani nikope ninunue nyingine. Nikope? (Mpiga picha, Busia)*

Usikope ssebo. Picha mbili ulizotuma nimeziangalia kwenye simu alafu kwenye kompyuta ya jirani, kamera yako haina ugonjwa. Yule dada wa blauzi nyekundu umemsimamisha mbele ya ukuta mweupe pee, na hapo ndo mchezo ulipoharibika. Kamera haijui huyu ni mtu na ule ni ukuta, yenyewe imefundishwa kitu kimoja tu, kwamba vyote vilivyo mbele yake vikichanganywa inatakiwa itoke kijivu cha katikati, ndo maana mafundi wa zamani walikuwa wanatembea na kadi ya kijivu ya asilimia 18. Sasa ikiona nyeupe imejaa inasema eh, hapa mwanga umezidi, inapunguza, na anayepunguziwa ni dada. Kuna kitufe kina alama ya kujumlisha na kutoa, kisogeze upande wa kujumlisha, anza na theluthi mbili, ikibidi nenda moja kamili, ukuta utaungua kidogo, uache uungue, hakuna mteja anayelipia ukuta. Ukiweka pazia jeusi nyuma inageuka, pale kamera inaongeza mpaka uso unapauka, basi wewe unapunguza. Kwa simu ni hivyohivyo, gusa uso kwenye kioo alafu telezesha lile jua dogo juu au chini.

Majivu sasa. Majivu yanatoka kwa fleshi inayopigwa usoni moja kwa moja, na kwa zile programu za kulainisha ngozi ambazo nakuomba uzifute leo. Ngozi nyeusi inaonekana kwa jinsi inavyong'aa, haionekani kwa kumwagiwa mwanga kama ndoo ya maji. Hamisha kiti chako karibu na mlango, mteja akae ndani hatua mbili hivi ambapo jua halimfikii, shavu moja litazame mlango, upande wa pili simamisha kitu cheupe, shuka au boksi ulilolibandika karatasi, usimpake poda, kama ngozi ni kavu mpe mafuta kidogo ajipake mwenyewe. Utaona mstari wa mwanga unateremka kwenye paji, unashuka puani, unaishia kwenye mdomo wa juu, huo mstari ndo unaouchonga uso. Za pasipoti hazitaki uchongaji, zinataka mwanga sawa pande zote, kwa hizo mgeuze tu atazame mlango.

Na hao wa kanisani, wanatoka saa sita mchana, jua la ikweta liko utosini, macho lazima yawe mashimo hata ukinunua kamera ya milioni ngapi. Wapeleke kwenye kivuli cha jengo. Mwembe ni mzuri ukiwa na majani mengi, ukiwa na matundu watatoka na madoa kama chui. Mimi mwenyewe nilishaharibu harusi nzima hivi, nilikimbilia kivuli cha baraza ya duka moja, nikaona hapa pazuri, kumbe duka lilikuwa limepakwa rangi ya njano ya kampuni ya simu kuanzia chini mpaka juu, si unajua maduka yetu, na ile njano ilirudi kwenye kidevu cha bibi harusi na kwenye gauni lote upande wa kushoto. Mama yake aliniuliza kama binti ana homa ya manjano. Sikulipwa nusu iliyobaki na sikuidai.

Alafu usijilaumu sana. Filamu za rangi za kamera za zamani zilipimwa kwa uso wa mzungu, Kodak walikuwa wanapeleka kwa maabara kadi yenye picha ya mwanamke mweupe, wakaiita kadi ya Shirley, fundi anasawazisha rangi mpaka Shirley apendeze, sisi wengine tukatoka vile tutakavyotoka. Na waliolalamika wakasikilizwa ni watengeneza chokoleti na wauza fanicha, mbao nyeusi na mbao nyekundu zilikuwa zinatoka rangi moja kwenye matangazo yao, hapo ndo filamu ikarekebishwa. Google wametoa simu yenye mpango wa kuzingatia ngozi zetu, wanauita Real Tone, mwaka 2021, jana tu. Siku ukiwa na hela ya ziada utaitazama, ila ukuta wako mweupe utakuwa palepale.

*Senga, mwezi wa nane ni kwanjula yangu, ile sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi. Mchumba wangu ni wa Mombasa na anapenda utani, anasema wanaume wenu wanavaa kanzu yetu, wanawake wenu wanavaa gomesi ya Mhindi, nyie chenu ni nini? Nimjibu vipi? Na pili, nataka fundi aibane gomesi kiunoni, shangazi zangu wamekataa kabisa. (Binti wa Jinja)*

Hongera binti yangu. Huyo shemeji yetu ana mdomo, na ukweli ni kwamba nusu ya anachosema ni kweli ndo maana inauma. Neno kanzu ni la Kiswahili, hatuwezi kukataa, ilipanda huku na wafanyabiashara wa pwani na Waarabu, enzi za Kabaka Suuna huko karne ya 19. Lakini muulize, kwao Mombasa aliwahi kuona kanzu ina ule mdarizi mwekundu wa damu ya mzee kifuani, juu imevaliwa koti la suti, na bila hiyo mtu hapewi hata kiti ukweni? Nguo ikikaa kwa mtu miaka mia na hamsini inajifunza lugha ya nyumba hiyo.

Na gomesi, hadithi inayosimuliwa sana ni kwamba wasichana wa shule ya Gayaza walikuwa wanavaa lubugo, nguo ya gome la mti, wakati wa kulima na kuinama haikai vizuri, ndo fundi Mgoa anaitwa Caetano Gomes akaombwa mwaka 1905 ashone kitu cha kitambaa, na nguo ikabeba jina lake mpaka leo. Ikapata heshima yake kamili mwaka 1914 mke wa Kabaka Daudi Chwa alipoivaa siku ya kutawazwa mumewe. Kwa hiyo ndiyo, fundi alikuwa Mgoa, ila hebu angalia alichokishona, kimefunika kama lubugo ilivyofunika, kimezungushwa mwilini kama lubugo ilivyozungushwa, yeye kaongeza mabega yaliyochongoka na vifungo viwili upande wa kushoto. Na hiyo lubugo yenyewe ndo jibu la "chenu ni nini", gome la mti wa mutuba linagongwa kwa nyundo za mbao mpaka linakuwa laini kama shuka, mti hauuawi, unafungwa majani ya ndizi kwenye kidonda na mwaka unaofuata unavunwa tena. UNESCO waliitangaza kuwa urithi wa utamaduni mwaka 2005. Mletee shemeji kipande akishike, asipoelewa tutarudisha mahari.

Haya, kiuno. Hapa niko na shangazi zako, lakini sio kwa sababu ya heshima tu. Gomesi haikukatwa kwa kiuno, mshipi wake unakaa chini, kwenye nyonga, kitambaa kama mita sita kinazungushwa na kukunjwa mbele, na ndani kuna kikoi ambacho kazi yake ni kuzuia hicho kitambaa kisinate mapajani na kutengeneza huo mduara wa nyuma ambao ndo gomesi yenyewe. Ukibana kiuno, mkunjo wa mbele unavutwa pembeni, na siku hiyo utapiga magoti, binti yangu, utapiga magoti mbele ya wageni na kamera tatu zinakutazama, na kitambaa kilichobanwa kikishapigishwa magoti mshono unapasuka nyuma mahali ambapo wewe huwezi kupaona. Nimeyashuhudia, sitasema ya nani.

Kama unachotaka ni kuonekana mwembamba kuna njia nyingine. Nenda Kiyembe, kwa wauza vitambaa wa Kampala, mapema kabla joto halijapanda, usichague kitambaa kwa macho kikiwa kwenye roli, mwambie muuzaji akifungue mita mbili akining'inize begani kwako, kinachoanguka chini chenyewe kama maji ndo hicho, kinachosimama kama karatasi kitakunenepesha kilo kumi. Epuka kile kinachometameta sana, fleshi ya mpiga picha itakigeuza bati. Mshipi uchukue rangi iliyo karibu na nguo, ukiwa rangi ya mbali unakukata katikati. Na siku ya kujaribu kwa fundi usisimame tu mbele ya kioo kama sanamu, kaa, inuka, piga magoti, beba kitu kama kikapu, nyoosha mikono juu. Zile gomesi za kisasa zilizoshonwa tayari kama gauni zipo, zinavaliwa dakika mbili, ni nzuri kwa kwenda kazini. Kwa kwanjula mimi ningevaa ya kufungwa na shangazi, manake wakati anakufunga ndo anakuambia mambo.

*Senga mimi nadizaini kwa simu hapa Mbale, nilitengeneza kadi za mwaliko rangi ya bluu kali, mteja akapenda, nikatuma Kampala zikachapwa Nasser Road, ule mtaa wa wachapaji, zimerudi zambarau! Na maandishi yana ukungu. Wamenichezea? (Mdizaini mchanga)*

Hapana mwanangu, hawajakuchezea, ila hawakukuambia. Kioo cha simu kinatengeneza rangi kwa mwanga, nyekundu na kijani na bluu. Mashine inatengeneza kwa wino nne, samawati, waridi kali, njano na nyeusi. Hiyo bluu yako inayowaka haipo kabisa kwenye wino, mashine inajaribu kuitafuta kwa kumwaga samawati na waridi karibu sawasawa, na samawati ukiichanganya na waridi sawasawa unapata nini, zambarau. Dawa yake ukitaka bluu ni kuiacha waridi nyuma, kama samawati ni 100 basi waridi isizidi 70, hata 60. Itaonekana imepoa kidogo kwenye kioo, kubali.

Ukungu una sababu mbili hapo, nahisi zote umezifanya. Ulituma kwa WhatsApp kama picha, sivyo? WhatsApp inaikamua kama nguo, tuma kama dokumenti. Ya pili ni maandishi meusi uliyoyaacha yatengenezwe na wino zote nne, karatasi ikisogea nywele moja tu wakati wa kupita kwenye mashine herufi ndogo inapata kivuli. Maandishi madogo yape nyeusi peke yake. Kadi ya A5 iwe na pikseli 1748 kwa 2480, hiyo ndo pikseli 300 kwa inchi, na rangi ya nyuma ivuke ukingo milimita 3 kila upande ili kisu kikikosea kisiache mstari mweupe.

Na Nasser Road usiende tu kama mtu anayetoa oda kwa simu. Panda gari siku moja uende ukae pale nusu siku. Ni shule. Kuna mtu anachapa kalenda ya msikiti, wa pembeni anachapa lebo za maji, kijana amekaa kwenye kiti cha plastiki kompyuta iko barazani anakata kichwa cha mgombea na kukiweka kwenye suti ya mtu mwingine, dakika nne. Mabango ya siasa ya pale, yale ya Gaddafi na Saddam na Amin na Osama yamejaa vichwa na mizinga na ndege za kivita na maandishi ya njano yenye ukingo mwekundu, watu waliosoma wanayacheka, mimi nayapenda, manake yameundwa yasomwe na mtu anayepita na boda. Kadi zenu nyingi za siku hizi, nyeupe nyeupe na herufi nyembamba kama uzi, mgeni akizeeka kidogo haoni hata tarehe. (Vitu vingine vinavyochapwa pale, vyeti na nini, wewe pita tu.)

Kadi zilizoharibika usizitupe, mwambie mteja ukweli na ugawane naye hasara. Mimi niliwahi kumwambia mteja kwamba zambarau ndo fasheni. Hakurudi.

*Fonti ngapi zinatosha kwenye bango moja? (Kasese)*

Mbili. Ya tatu ikikuita lala kwanza, asubuhi itakuwa imeondoka.

*Senga salamu kutoka Arua. Mimi na wenzangu sita tunataka kutengeneza muvi ya mapigano, tuna simu moja nzuri na shilingi laki tano. Tunabishana, mimi nasema tununue droni ya mitumba, mwenzangu anasema taa. Amua. (Dairekta)*

Dairekta, hapana kwa wote wawili. Droni hapa Uganda inataka vibali, cha anga na cha usalama, na nyie mko karibu na mipaka miwili, mtarusha dakika tano alafu mje mnitafute niwatoe.

Nyie mnajua Wakaliga, ule mtaa wa mabanda hapa Kampala. Isaac Nabwana alikuwa mfyatua matofali, akakusanya hela yake ya matofali, akaunganisha kompyuta kutoka vipande vya kompyuta zilizokufa, na mwaka 2010 akatoa Who Killed Captain Alex kwa bajeti anayosema haikufika dola 200. Bunduki zilitengenezwa kwa vyuma chakavu, damu ni rangi nyekundu ndani ya kondomu za bure, inavutwa kwa uzi wa kuvulia samaki inapasuka kifuani. Leo watazamaji wake wako Marekani na Ulaya. Lakini muiangalie tena, msiangalie milipuko safari hii, sikilizeni. Kinachowashika watu mpaka mwisho ni VJ Emmie, yule anayeongea juu ya muvi, anachokoza, anashangilia, anawaambia mapigano yanakuja. Kile ndo kibanda cha video cha kwetu kimeingia ndani ya filamu, tulikua nacho sisi wote, umelipa vishilingi vyako umekaa kwenye benchi, muvi ni ya Wachina, VJ anamwita adui jina la mwenyekiti wa mtaa wenu. Tanzania walikuwa na Lufufu, Kenya wana DJ Afro, ni ukoo mmoja.

Kwa hiyo hela yenu ipelekeni kwenye sauti. Nunueni maiki ndogo ya kubana kwenye shati, na kama hata hiyo hakuna, simu ya pili yoyote iwekeni mfuko wa juu wa mwigizaji irekodi sauti tu, kabla ya kila kipande mtu apige kofi moja mbele ya kamera ili baadaye mlinganishe kofi la sauti na kofi la picha. Msirekodi chini ya mabati wingu likiwa jeusi. Jenereta ya jirani mwombeni azime robo saa, mpeni soda. Simu iwekeni picha 25 kwa sekunde, na kasi ya shata moja ya hamsini ya sekunde, manake umeme wetu unapiga mara hamsini kwa sekunde na mkiiacha kwenye 30 vile wengi wanavyoacha, taa za tubu za ukutani zitakuwa zinacheza kama disko ya matanga. Mapigano pigeni saa kumi na moja jioni, jua liko pembeni, vumbi la Arua likiinuka mnapata moshi wa bure ambao Marekani wanaununua.

Lugha changanyeni tu, Kilugbara nyumbani, Kiswahili kwa askari, ndivyo watu wanavyoongea. Na nakala mbili za kila kitu kwenye diski mbili, nyumba mbili. Ile ya Captain Alex ambayo haina sauti ya VJ haipo tena, nafasi ya kuihifadhi haikuwepo.

*Senga, wenzangu chuoni wananicheka navaa mivumba, yaani mitumba, ya soko la Owino. Serikali si ilisema itapiga marufuku? Niache? (Mwanafunzi, Kampala)*

Wanaokucheka nao wananunua hukohuko ila wanapita mlango wa nyuma. Marufuku hiyo tunaisikia tangu mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki zilipokubaliana kuimaliza ifikapo 2019, Marekani wakakasirika wakatishia kutuondoa kwenye AGOA, mpango wao wa kuuza bidhaa kwao bila ushuru, wengi wakarudi nyuma, Rwanda wakakaza na mwaka 2018 nguo zao zikatolewa kwenye mpango. Agosti 2023 Rais Museveni akaisema tena akiwa Mbale, kwamba hizi ni nguo za wazungu waliokufa. Owino kesho yake walifungua balo kama kawaida. Mimi nina mawazo mawili hapa na yanagombana, pamba yetu nyingi inauzwa nje haijasokotwa hata uzi, hiyo ni aibu, na wakati huohuo yule mama wa Owino amesomesha watoto wanne kwa mashati. Nimefurahishwa na Bobby Kolade na Buzigahill yake, anachukua mivumba hapahapa Kampala, anaipasua, anaiunga upya na kuwauzia walewale walioitupa, akaiita Return to Sender, yaani rudisha kwa mtumaji. Huo ni ujeuri mzuri.

Wewe nunua lakini kwa akili. Wahi asubuhi balo linapofunguliwa. Pindua nguo ndani, angalia kwapa, angalia mshono wa kati wa suruali, kola ukiikunja ikionyesha mstari mweupe achana nayo. Ukishanunua na una wasiwasi kama ni pamba, vuta uzi mmoja wa pindo uuchome nyumbani, pamba inanuka karatasi na kuacha jivu laini, ya plastiki inayeyuka na kuwa shanga ngumu nyeusi, hiyo utatoka nayo jasho mpaka mtihani uishe.

*Senga, mimi ni mzee wa miaka sabini na kitu, Tororo. Nina picha moja ya studio ya mwaka 1974, tuko vijana watatu, tumevaa suruali za miguu mipana. Imenata kwenye kioo cha fremu. Mjukuu anataka kuivuta atoe aipeleke ikapigwe kopi. Nimruhusu? Wa kulia amekufa, wa kushoto tulikosana mwaka 1986 kwa ajili ya ng'ombe. (Mzee, Tororo)*

Mzee wangu, mjukuu asiiguse. Picha za zamani juu zina utando wa jelatini, ukipata unyevu unavimba na kulala kwenye kioo, ukivuta karatasi inakuja na sura zinabaki kwenye kioo. Asimwagie maji pia, watu watamwambia amwagie maji. Iacheni kwenye kioo chake. Futa kioo kwa nje kwa kitambaa kikavu, laza fremu mezani, mwanga utoke kulia na kushoto kwa mshazari, madirisha mawili yanatosha, juu kusiwe na taa. Mjukuu achukue boksi jeusi au kitambaa cheusi, atoboe tundu la lenzi ya simu, apige kupitia hapo akiwa juu kabisa ya picha, kile cheusi kinameza sura yake isijionyeshe kwenye kioo. Apige mara kumi achague moja.

Kama kuna negativu popote sandukuni tafuta, hizo ndo mali. Zitoe kwenye kaveera leo, plastiki inazifanya zitoe jasho, weka kwenye bahasha za karatasi, juu ya kabati, mbali na sakafu. Wapiga picha wa Wizara ya Habari wa enzi hiyohiyo yenu, wakati wa Amin, waliacha negativu kama elfu sabini kwenye shirika la utangazaji, zikakaa miaka na miaka, mwaka 2015 zikapatikana na 2019 zikaonyeshwa Uganda Museum. Nilienda. Amin anahutubia, Amin anacheka, Amin anasalimia wageni, safi kabisa utadhani jana. Waliopotea hawamo. Nilitoka pale natafuta sana picha za watu kama nyinyi watatu, vijana tu, suruali pana, siku hiyo mmepata mshahara labda.

Nyuma ya fremu aandike majina kwa penseli laini asikandamize, nani kasimama wapi, studio gani, mji gani. Na yule wa kushoto liandikwe jina lake pia mzee, ng'ombe au si ng'ombe.